Vitabu Nyuma ya Taarifa za Mwaka

Wifi yangu hapendi kupewa pole. Ukimwambia pole anakuuliza, "Pole ya nini, nimefiwa?" Kwa hiyo miaka yote tuliyofanya kazi shule moja nilijifunza kumpa pole kwa njia nyingine. Nilikuwa nampelekea chai, naiweka nje ya mlango wa maktaba kwa sababu ndani ilikuwa marufuku, halafu nasimama palepale kizingitini namsikiliza akigomba.

Na kugomba anajua. Ni mke wa kaka yangu, lakini hata tusingekuwa na udugu ningesema hivyohivyo. Shuleni kwetu alianza kama karani wa kupiga chapa. Mkutubi wa zamani alipostaafu, mkuu wa shule wa wakati ule akamwambia akakae maktaba "kwa muda tu, mpaka tupate mtu." Mtu hakupatikana. Wifi akakaa kwa muda tu miaka kumi na mmoja.

Maktaba aliyopokea ilikuwa na kaunta, na juu ya kaunta wavu wa chuma kutoka ukuta mpaka ukuta, na kwenye wavu tundu la kupitishia kitabu. Mwanafunzi anasimama nje, anataja jina la kitabu, mkutubi anakwenda kukitafuta. Hajui jina la kitabu? Basi, arudi darasani. Wifi alikaa nyuma ya ule wavu miaka mitano, na kila jioni akirudi nyumbani anamwambia kaka, "Leo nimehudumia watu tisa. Shule ya watu mia saba, tisa! Na sita kati yao walikuja kuniuliza saa ngapi."

Hicho ndicho kilichomkaa rohoni. Mtoto ataombaje kitu ambacho hajui kama kipo? Alimuuliza hivyo mkuu wa kwanza, akaambiwa jambo lake litafikiriwa, na mkuu yule akahamishwa pamoja na fikra zake. Alimuuliza wa pili, akaambiwa vitabu vitaibwa. Wa tatu ndiye huyu tuliye naye, mtu wa fomu na mafaili, anayeweza kukuandikia barua huku mmeketi meza moja. Huyu alikubali, kwa barua. Wavu uondolewe, wanafunzi waingie wachague wenyewe. Lakini kila mwaka vitabu vihesabiwe kimoja kimoja, na siku vitakapopungua zaidi ya ishirini, wavu unarudi siku hiyohiyo. Wifi akaibandika barua ile ndani ya mlango wa kabati lake. Wavu ulitolewa ukalazwa nyuma ya stoo, na miaka sita ukawa unaota kutu huku yeye akiomba Mungu uoze kabisa.

Sasa, mtu aliyepewa kitu kwa sharti anakuwa mkali kuliko aliyemwekea hilo sharti. Wifi alitunga kanuni mpaka wanafunzi wakachoka kuzisoma. Mabegi yabaki nje. Mikono ioshwe. Hakuna kukunja ukurasa, hakuna kulala juu ya meza, hakuna kunong'ona. Kwake kunong'ona kulikuwa kubaya kuliko kupiga kelele, maana mwenye kunong'ona ana jambo. Kitabu unapewa wiki mbili, na kila kikitoka au kikirudi anakigonga muhuri wa tarehe kwa nguvu hadi dirisha linatikisika. Wanafunzi wakamwita Mama Tarehe. Alijua. Mimi wananiita Kontua, kwa sababu ya ile mistari ya ramani ninayowachorea kwenye Jiografia, kwa hiyo sikumcheka sana.

Kanuni aliyoipenda kuliko zote aliibuni mwenyewe. Kitabu kikirudishwa, lazima kilale rafuni siku tatu kabla aliyekirudisha hajakichukua tena, ili na wengine wakione. Aliniambia hiyo ndiyo haki. Nilimwambia, "Wifi, kile cha mazoezi ya Biolojia mnazo nakala mbili, kidato cha nne wako mia na themanini. Wiki mbili kwa kila mmoja, ukipiga hesabu hao wengine watakisoma wakiwa na wajukuu." Akanitolea macho. Akasema nikafundishe mito na milima, maktaba nimwachie mwenyewe.

Kuhesabu vitabu kunafanyika likizo fupi ya muhula wa tatu, shule ikiwa tupu, wiki sita kabla ya mtihani wa mwisho. Mwalimu wa Hesabu anasoma namba kutoka kwenye daftari kubwa, mimi naangalia upande wa kushoto wa chumba, wifi upande wa kulia. Utaratibu ni wake pia: kila rafu itolewe vitabu vyote, ifutwe, virudishwe, ndipo utie tiki kwenye fomu kwamba rafu imetolewa. Vitabu elfu tatu mia moja na kumi na mbili. Ukimaliza, mgongo si wako.

Upande wangu ulikuwa unaishia kwenye rafu ya chini kabisa, ile ya taarifa za mwaka. Hizo ni taarifa za idara mbalimbali, nene, za jalada gumu, shule iliwahi kupewa na ofisi fulani iliyokuwa inahama. Arobaini na nne. Hakuna binadamu aliyewahi kuzifungua. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, nimechuchumaa, magoti yanalia, Mwalimu wa Hesabu anapiga miayo. Nikahesabu migongo yake, arobaini na nne, nikasema "zipo zote," nikatia tiki kwamba rafu imetolewa. Sikuitoa. Nasema mapema ili usije ukaniambia nilificha.

Tulipojumlisha, vilikuwa vimepungua sitini na vitatu.

Wifi hakugomba. Hilo ndilo lililonitisha. Alichukua daftari, akapitisha kidole kwenye namba zisizo na tiki, akaanza kuvitaja kwa majina kama mtu anayeita mahudhurio. Viwili vya mazoezi ya Biolojia. Vitatu vya Fizikia. Hadithi zile fupi zenye jalada la njano. Kamusi. Kila kilichopungua kilikuwa kile wanachokitaka. Kesho yake, Jumapili, alirudi peke yake akahesabu upya upande wake wote, rafu kwa rafu, tangu asubuhi. Jioni nilimkuta kakaa sakafuni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Nikamuuliza, "Na upande wangu?"

"Wako wewe umeshahesabu," akasema. "Wako uko sawa."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nikamsaidia kusimama.

Jumatatu shule ikafunguliwa. Mkuu alikuwa ameshapata fomu mezani kwake, na kabla ya gwaride la asubuhi alikuwa ameshaandika barua ya kumwita fundi wa kuchomelea. Ijumaa wavu unarudi. Wifi akaomba ruhusa ya kusema na wanafunzi. Alipanda pale mbele, mfupi kuliko kipaza sauti, akakiinamisha, akawaambia watoto mia saba kwamba ni wezi. "Niliwafungulia mlango mkaniona mjinga. Miaka sita nawatetea kwa watu. Kumbe nalea wezi." Akashuka, akapita katikati ya mistari, na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni.

Wiki ile ilikuwa ya mateso. Jumanne alipiga marufuku masweta ndani ya maktaba. Jumatano aliwapekua mifuko. Alhamisi alimkuta msichana mmoja wa kidato cha nne amechuchumaa kule mwisho, kwenye taarifa za mwaka, kashika atlasi juu chini, akamfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilimwona yule binti akitoka analia. Nikamwambia wifi, "Sasa umezidi." Akanijibu, "Kazidi aliyeniibia." Nyumbani nako kaka alikuwa anakula kimya, maana neno lolote alilosema lilikuwa linarudi kwenye vitabu. Alimwomba chumvi, akaulizwa kama na yeye anataka kuondoka nayo bila kuandikisha.

Ijumaa fundi akaja, na kamba yake ya kupimia, na mashine kwenye mkokoteni. Mkuu alikuwa amesafiri kwenye mkutano mpaka Jumatatu. Nilikuwa sina kipindi, nikaenda nikasimama na wifi, maana niliona si vizuri ashuhudie jambo lile peke yake. Fundi akasema nguzo moja ya wavu lazima ikae pale pembeni mwa ukuta, kwa hiyo rafu ya chini isogezwe. Akainama, akaanza kutoa taarifa za mwaka nne nne, akizitupa sakafuni. Alipofika katikati akasita.

"Mama," akasema, "na hivi vya nyuma niviweke wapi?"

Nyuma ya taarifa za mwaka kulikuwa na safu nyingine ya vitabu. Vimesimama wima, vimepangwa kwa somo, migongo imetazama nje. Wifi akapiga magoti. Akatoa kile cha Biolojia. Halafu cha pili. Halafu kamusi. Alikuwa anavitoa na kuvipanga mapajani mwake mpaka vikaanza kuporomoka. Fundi akaniuliza kwa macho kama mama ana tatizo la kiafya. Nikampa ishara akapumzike nje.

Ndani ya kila kitabu kulikuwa na kipande cha karatasi. Kwenye kipande, majina. Majina kamili na darasa, kila mtu kwa mwandiko wake, na mbele ya jina siku, saa na ukurasa aliofikia. Na ndani ya kamusi kulikuwa na karatasi nzima, imekunjwa mara mbili, yenye kanuni. Wifi alizisoma kwa sauti ya chini. Kila mtu nusu saa. Kitabu hakitoki nje ya chumba hiki kwa sababu yoyote. Andika ukurasa uliofikia, usikunje. Anayekaribia kufanya jaribio apishwe. Usipange vitabu ovyo, mwenzako atapoteza muda. Na mwisho kabisa: Mama Tarehe akija, shika atlasi.

Hakuna kilichoibwa. Watoto walikuwa wamejifungulia maktaba yao ndani ya maktaba yake. Kitabu kikikaa rafuni, mtu mmoja anakiazima wiki mbili na wengine mia na sabini na tisa wanakosa. Kwa hiyo walikuwa wanakificha mahali ambapo hakuna atakayekiazima, wanakuja kwa zamu, wanakisoma humohumo wakiwa wamechuchumaa, wanakirudisha. Nilihesabu vipande na majina haraka haraka. Vitabu sitini na vitatu, vyote. Wanafunzi thelathini na wanane.

Nilifurahi, sitadanganya. Nikamwambia, "Wifi, vipo! Vyote vipo!"

Yeye alikuwa bado ameshika ile karatasi. "Mimi nilikuwa nasimama pale," akasema, akionyesha meza yake. "Hatua kumi. Nawaambia kimya, nao kimya. Nikawa najisifu, nasema chumba changu kina nidhamu." Akaikunja karatasi. "Afadhali wangeiba vitabu. Wameniibia kazi yangu, na wameifanya vizuri kuliko mimi."

Nikaanza kumsaidia kuokota vitabu. Basi tukamwambia fundi arudi Jumatatu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwao. Wifi alikuwa uani anafua, kwa hasira, mashati ya kaka yalikuwa yanateseka. Vile vipande vya karatasi alikuwa amevileta nyumbani kwenye mfuko wa nailoni, viko juu ya kiti. Kaka alikuwa amekaa kizingitini na redio yake.

"Ni rahisi," kaka akasema. "Vitabu vimepatikana. Mpelekee Mkuu na majina. Kesi imekwisha."

"Kesi ya nani imekwisha?" wifi akauliza bila kuinua kichwa.

Kaka hajui kanuni za shule. Mimi nazijua, ziko ukutani kwenye ofisi ya walimu: kuficha mali ya shule ni sawa na kuiba, na adhabu yake ni kusimamishwa masomo wiki sita. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tano. Katika wale thelathini na wanane, thelathini na mmoja walikuwa kidato cha nne. Mkuu wetu hana roho mbaya, lakini akishaona jina kwenye karatasi lazima alipeleke kwenye karatasi nyingine.

Nikasema, "Basi usitaje majina. Sema umevikuta tu."

"Ataniuliza vilifikaje. Nikisema sijui, atasema chumba hakina mwenyewe, na wavu unawekwa. Nikisema ni wanafunzi, wavu unawekwa na watoto wanaondoka. Nimelala na hilo usiku kucha, wifi, usidhani nyinyi walimu ndio mnaojua kufikiri." Alikamua shati mpaka nikamwonea huruma. "Ila nikisema ni mimi, rafu hazina kosa. Mwenye kosa ni mtu."

Kaka akapunguza redio. "Wewe kivipi?"

"Mvua zile kubwa dari lilivuja, si unakumbuka? Nilivihamisha vitabu visilowe, nikaviweka nyuma ya zile taarifa, nikasahau kuandika. Basi. Mtu mzima amesahau."

"Wewe?" Kaka alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Mke wangu, wewe unakumbuka siku niliyopoteza mwavuli mwaka tuliooana. Nani ataamini kwamba wewe umesahau vitabu sitini?"

"Mkuu ataamini. Ukimpa maelezo ya maandishi huyo anaamini chochote."

Nilikuwa nafikiria tiki yangu. Maana kama vitabu vilikuwa nyuma ya taarifa zile, lazima mtu aulize tulihesabuje. Nilitaka kulisema palepale uani, kaka akiwepo, lifike mwisho. Lakini kaka angenicheka, halafu angemweleza mama, na mama angelisema kila sikukuu mpaka nizeeke. Nikajiambia nitamwambia wifi tukiwa wawili. Wifi akachukua mfuko wa nailoni, akavitumbukiza vile vipande kwenye beseni la maji ya sabuni, akavifikicha kama soksi mpaka wino ukatoka wote.

Jumatatu Mkuu alituita watatu: wifi, Mwalimu wa Hesabu na mimi. Maelezo ya wifi yalikuwa mezani, ukurasa mmoja, yamepigwa chapa bila kosa hata moja. Mkuu aliyasoma mara mbili. Akavua miwani.

"Kwa hiyo vitabu havikuibwa."

"Havikuibwa."

"Uliwaita wanafunzi wezi mbele ya shule nzima."

"Niliwaita. Nitawaomba radhi kwenye gwaride."

Mkuu akainua fomu yetu ya kuhesabia. "Hapa kuna jambo silielewi. Rafu ya taarifa za mwaka ina tiki kwamba ilitolewa vitabu vyote. Kama ilitolewa, hivyo vya nyuma vingeonekana." Akatutazama mimi na Mwalimu wa Hesabu. "Nani alikuwa upande huo?"

Mwalimu wa Hesabu alitazama viatu vyake. Nilifungua mdomo, kweli nilifungua.

"Niliwakataza mimi," wifi akasema. "Zile taarifa ni nzito. Niliwaambia wahesabu migongo tu, watie tiki. Walimu walifanya nilivyowaelekeza."

Nikaufunga mdomo.

Mkuu aliandika palepale, tukimsubiri. Wavu hautawekwa, kwa kuwa wizi haukutokea. Mkutubi amepewa onyo kwa uzembe wa kumbukumbu na kupotosha zoezi la kuhesabu, na kuanzia siku hiyo anarudi ofisini kwenye upigaji chapa. Maktaba itashikwa na mwalimu, kwa muda tu, mpaka tupate mtu. Akaniangalia. Akasema amepitia fomu zote za miaka sita na yetu ya mwaka huu ndiyo safi kuliko zote, haina hata sehemu iliyofutwa.

Gwaride la kesho yake wifi alipanda tena mbele, akakiinamisha tena kipaza sauti. Aliwaambia wanafunzi kwamba vitabu vimepatikana, kwamba yeye ndiye aliyekosea, na kwamba anaomba radhi kwa neno alilowaita. Alisema sentensi tatu tu. Nilikuwa nawatazama kidato cha nne. Waliinama wote, mstari mzima. Yule binti wa atlasi alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili. Nilisubiri mmoja anyooshe kidole, hata mmoja tu, aseme ukweli. Nilikuwa nimewakasirikia mno. Halafu nikajiuliza ninawakasirikia kwa haki gani, na mimi nimesimama kwenye mstari wa walimu nimeshika funguo za maktaba mfukoni.

Makabidhiano tuliyafanya jioni ile, yeye na mimi tu. Alinionyesha kila kitu kana kwamba sijawahi kuingia mle ndani. Daftari la vitabu, daftari la wasomaji, gundi, karatasi za kaki za kufunikia majalada, dirisha ambalo lazima ulisukume kwa goti. Alizungumza haraka, bila kugomba, na mimi ningetoa chochote anigombeze.

"Kile cha Biolojia usikiazimishe wiki mbili," akasema. "Nusu saa kila mtu, humuhumu ndani, na waandike ukurasa. Ile kanuni yangu ya siku tatu iondoe. Ilikuwa ya kipumbavu."

"Haikuwa ya kipumbavu."

"Ilikuwa. Usinibembeleze."

Nikaona sasa ndiyo nafasi. Nikasema, "Wifi, ile rafu. Hukunikataza. Mimi ndiye sikuitoa. Nilichoka nikahesabu migongo, nikatia tiki."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu fundi alipoinama. Upande ule si nilikupa wewe? Unadhani sijui kuhesabu mpaka moja?" Alikuwa anafuta meza, meza iliyokwisha kufutwa. "Ungeitoa ile Jumamosi, tungeviona sisi watatu, tungevirudisha rafuni, tungenyamaza. Nisingemwita mtoto wa mtu mwizi. Lakini uliitia tiki. Na kukutaja ilikuwa ni kuanzisha maswali, na maswali yangefika kwa watoto. Kwa hiyo usidhani nilikuokoa wewe."

"Mbele ya Mkuu nilitaka kusema," nikamwambia. "Haki ya Mungu nilitaka. Wewe ukaniwahi."

"Nilikuwahi, lakini sikukuziba mdomo." Akakunja kitambaa akakiweka kwenye droo. "Niliongea, nikamaliza, Mkuu akaandika barua nzima. Muda wote huo mdomo si ulikuwa nao?"

Nikamwambia kesho asubuhi naenda kwa Mkuu, namweleza kuhusu ile tiki, tiki tu, bila watoto, arudishiwe maktaba yake. Nilisema nikiwa na machozi. Hakuniambia nenda, hakuniambia usiende. Alibeba mkoba wake akatoka.

Kesho yake Mkuu alikuwa na wageni. Alhamisi alisafiri. Wiki iliyofuata tukaanza maandalizi ya mtihani, na nikaona si wakati mzuri. Watoto wakafanya mtihani wao, wote thelathini na mmoja, wakamaliza, wakaondoka. Mwaka mpya ukaja, na mtu hakupatikana.

Maktaba haina wavu. Wanafunzi wanaingia, wanachagua wenyewe, na saa za mapumziko huwezi kupata kiti. Kila asubuhi napita ofisini kuchukua funguo, na wifi yuko pale mezani kwake kwenye kona, anapiga chapa mitihani ya watu wengine. Hatugombani. Ananiuliza, "Wanasoma?" Namjibu, "Wanasoma." Anarudi kwenye kazi yake, na mimi nabaki nimesimama kidogo mbele ya mlango wa Mkuu, ulio wazi, na yeye yuko ndani, hana mgeni. Halafu naenda kufungua.